Majina ya Ukoo wa Babu Salimu

Jumanne, Mei 1975

Leo kwenye kizuizi cha jeshi barabarani Bwaise, askari amelifungua daftari langu, lenye majina ya watoto na wajukuu wa Babu Salimu, babu yake babu yangu, mkulima wa Butambala karne iliyopita.

"Hii watu iko wapi?"

"Ni ukoo wangu, afande. Wote wamekufa."

"Yote? Nani naua wao?"

Nikacheka kwa woga. Mjinga mimi! Akalitia daftari mfukoni, akanifukuza.

Nilishukuru kufika nyumbani. Halafu, nikivua viatu, nikaukumbuka ukurasa wa mwisho: jina la shangazi Zuhura, aliyenitajia wote hao, na nyumba yake ya Kibuli.

Askari akienda huko, atamkuta shangazi yuko hai. Na mimi nimemwambia askari kwamba wote wamekufa.