Kidonge Kilichonyakuliwa Mkononi mwa Mume Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Anajulikana kama: Mama Mkasi
Umri: miaka 49
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba za nyuma ya karakana, chumba cha tatu

Mimi ni mke wa mgonjwa anayetajwa katika lalamiko hili. Aliyelalamika ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayedai mfamasia alimsukuma kaka yake na kumnyang'anya dawa.

Mume wangu anachomelea mageti. Tangu mwaka jana moyo wake ni dhaifu; hospitali walisema hausukumi damu inavyotakiwa. Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa tatu asubuhi, moyo ulimwenda mbio. Shemeji akampeleka zahanati. Huko hawakuuliza habari za ule udhaifu, naye shemeji hakusema. Wakampa verapamil, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo.

Saa nne na nusu niliwakuta duka la dawa, nilikokwenda kuchukua vidonge vyake vya kupunguza maji mwilini. Wao walikuwa wamepita kuomba maji ya kumezea, na mume wangu alishatoa kidonge. Mfamasia akatazama boksi, akatazama kadi ya hospitali niliyoishika, akakinyakua kile kidonge. Mume wangu akayumba, akajishika kaunta. Hakusukumwa na mtu.

Shemeji akafoka, "We dada, una wazimu? Dawa ni zake!"

"Kaka, utanigombeza baadaye. Hii inapunguza nguvu za moyo. Mwenye moyo mzima anaistahimili. Wa baba umeshachoka."

Akapiga simu hospitali mbele yetu. Daktari akasema asimeze hata kimoja, apelekwe mara moja. Alilazwa siku tatu. Daktari alinieleza kwamba katika kundi la dawa hiyo zipo nyingine ambazo angeweza kumpa akihitaji, ila siyo ile.

Leo asubuhi mume wangu amenyoa ndevu mwenyewe, akalalamika chai yangu haina sukari. Nilitoka nje nikalia kwa furaha. Yule binti sijui nimshukuru vipi. Hata jina lake sikuuliza. Shemeji si mtu mbaya, alikuwa na hofu ya kumpoteza kaka yake. Lakini binti asishtakiwe, afande. Nawaombeni sana.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, nimeridhika.

Sahihi ya shahidi: (ameweka)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika saa sita na robo mchana. Mlalamikaji, aliyekuwa benchi la nje, amesomewa na kuomba lalamiko lifutwe. Ameniuliza duka la dawa linafungwa saa ngapi.