Pikapu Uliyoiacha Rågsved

Mpendwa Baba Neema,

Nakuandikia nikiwa kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo letu hapa Rågsved, kwa kuwa hapa ndipo mahali pekee ambapo mwanao hanifuati. Mashine inazunguka, mama wa ghorofa ya pili ameshachungulia kuhakikisha sijala zamu yake, nami nimekalia kapu la nguo, karatasi mapajani. Wewe huko Marekani unatazama magari. Mimi huku Uswidi nimeisoma barua yako mpaka mikunjo imechanika.

Uliandika: "Mama Neema, hawatainunua. Göran akija nitamwambia hivyo hivyo." Basi. Mstari unaofuata ukaanza kunieleza theluji ya huko ilivyo chafu. Sasa mume wangu, mtu humtupia mkewe jiwe namna hiyo, halafu akampa habari za theluji?

Maana sote wawili tunajua neno hilo limebeba nini. Göran, bosi wako, amekutuma uone kama kiwanda chenu cha magari kikiwatengenezea Wamarekani pikapu, wataitaka. Ukisema ndiyo, chumba chenu cha kuchora kinaendelea. Ukisema hapana, kinafungwa, kazi yako inakwenda nacho, na nyumba hii tuliyopewa kwa jina la kiwanda inaifuata kazi. Ndiyo maana usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Ngoja nikumbuke tulikotoka, labda nitatulia.

Unakumbuka nilipofika hapa, wewe ukiwa umemaliza mafunzo na kuajiriwa? Nilikukuta mtu wa suti, mchoraji wa milango ya magari, lakini huwezi kumwita bosi wako jina lake. Waswidi walikuwa ndio kwanza wameacha kuitana kwa vyeo, kila mtu anamwita mwenzake "wewe", na wewe mtoto wa Machame ukawa unayazungusha maneno kama mtu anayekwepa dimbwi, ilimradi usitamke "Göran" mbele ya mtu mzima. Nilicheka mpaka ukanuna.

Halafu gari letu. Ile chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi ilikuwa imelila nyuma, ukiligusa tu linamomonyoka. Majirani wakasema litupwe. Wewe ukasema gari halitupwi kwa sababu makalio yameoza. Kwenu, kwenye karakana ya baba yako mdogo, gari lililokufa nyuma hukatwa, likatiwa bodi ya mbao, likaanza maisha ya pili ya kubeba ndizi na watu. Ukachukua msumeno wa chuma ukalikata palepale kwenye maegesho, Jumamosi mchana kweupe, madirisha yote ya Rågsved yakikutazama. Mtunza majengo alipokuja mbio kuuliza kulikoni, Neema alimjibu kwa Kiswidi chake kisicho na wasiwasi: "Pappa sågar bilen." Baba anakata gari. Utadhani kila baba hukata.

Ukaweka mabenchi mawili, ukaweka na vyuma vya kushikilia. Sikukuuliza kwa nini. Pikapu isiyo na watu nyuma, mimi na wewe tulikuwa hatujaiona.

Ndipo ikaja Jumapili ile ya kanisani Hässelby. Ibada yetu ya Kiswahili ilipokwisha, watu walitoka nje wakaiona. Hakuna aliyewaalika. Wakapanda. Watanzania, Wakenya, yule mzee Mkongo na kofia yake, wote nyuma, sufuria la pilau katikati, wimbo ukaanza kabla hujawasha injini. Hatukufika mbali, polisi wakatusimamisha. Mama Wanjiru, jirani yetu Mkenya asiyeogopa mtu, akainama kutoka juu na kumwambia askari kwa Kiswahili, kana kwamba yuko Nakuru: "Afande, shida iko wapi? Si tumeshikilia?" Askari akatuuliza, kwa upole ule wa Kiswidi unaotisha kuliko makofi, kama tunajua kwamba watu si mizigo. Tukashuka mmoja mmoja, tukapanda treni na sufuria letu.

Habari zikamfikia Göran kwenye kahawa ya asubuhi. Nikajua umekwisha. Kumbe mwenzetu alikuja mwenyewe kuiangalia, akaizunguka, akaipiga bodi kwa kiganja, macho yanang'aa. "Mnaona?" akasema. "Watu walikuwa wanaimba!" Akakaa jikoni kwetu mpaka chai ikapoa, akieleza kwamba kule Marekani magari ya Ulaya yananunuliwa na walimu na madaktari; mkulima na mjenzi hawayatupii hata jicho. Anayetaka kusimama kule, alisema, lazima awe na pikapu. Na kiwandani nani anaijua pikapu kuliko wewe uliyekulia nyuma yake? Ulifurahi, Baba Neema. Miaka yote walikuwa wakikufundisha. Siku ile ndipo walipoanza kukuuliza. Nami nilifurahi kwa ajili yako.

Lakini Göran alisikia kuimba, hakuuliza tulipandaje. Tulipanda nyuma kwa sababu mbele hapakututosha, na hakuna mwingine aliyekuwa na gari. Sasa wewe umekwenda huko, umekuta nini? Umeniandikia kwamba pikapu zimejaa kwenye uwanja wa kanisa, kubwa kubwa, zimeoshwa zinameta, na bodi tupu. Ukamwuliza mzee mmoja yeye hubeba nini, akakujibu, "Mbwa wangu." Ukamwuliza kama angenunua ya kutoka Ulaya, akakutazama kama umemwambia abadili dini, maana hata marehemu baba yake aliendesha aina hiyohiyo. Na juu ya hayo kuna kodi nzito ya magari ya mizigo yanayotoka nje, tena eti ilianzia kwenye ugomvi wa kuku: Ulaya iliwatoza kodi kuku wa Marekani, Marekani ikalipiza kwa magari. Niliposoma hapo nilidhani unanitania. Yaani tutolewe kwenye nyumba kwa sababu ya kuku!

Hoja yako nimeielewa, usidhani sikuielewa. Sisi tulipanda pikapu kwa kukosa, wao wanainunua kwa kushiba, na aliyeshiba huwezi kumwuzia njaa. Unasema kiwanda kiwapelekee gari kinalolijua, gari gumu la kumlinda mtoto kwenye barafu; atakayelitaka atalitaka kwa kuwa halifanani na la jirani yake. Naona ni kweli. Lakini kweli hiyo haina vyumba viwili na jiko.

Juzi Göran alipiga simu. Anapanda ndege wiki ijayo kuja huko kukusikiliza. Akaniuliza, kwa sauti ya mtoto anayesubiri sikukuu, umeniandikia nini. Nikasema unaandika habari za theluji. Nikaiweka simu chini kabla hajaniuliza la pili. Mama Wanjiru, ambaye nimemweleza yote, ananiambia, "Wewe mwambie aseme wajaribu tu. Hayo magari hayatengenezwi siku moja. Mpaka wajue hayauziki, nyinyi mtakuwa mshajipanga. Kwani akisema ndiyo, ni nani atakufa?"

Nimelifikiria neno lake. Nimelifikiria jikoni kwenye nyumba ya wazee ninakopika, nimelifikiria nikimsuka Neema, nimelifikiria kwenye treni mpaka nikapitiliza kituo. Naogopa, Baba Neema. Naogopa kuhama. Naogopa kumtoa mtoto kwenye shule ambako ndiyo kwanza amepata rafiki. Zaidi naogopa uso wako, umekaa dirishani asubuhi wenzako wakienda kazini.

Ila kila nikishika kalamu nikuandikie "sema ndiyo", nakukumbuka kwa mama yake Göran, ukimsifia yule samaki wa siki huku unajikuna shingo. Bibi wa watu akaiondoa sahani taratibu, akakuletea mayai. Wewe uongo haukukai mwilini, mume wangu. Göran ataiona shingo kabla hujamaliza kusema. Na hata asipoiona, yupo Lasse, mchoraji mwenzako wa meza ya jirani, aliyetusaidia kupandisha kitanda ngazi zote zile lifti ilipoharibika. Akipoteza miaka yake kuchora pikapu ambayo wewe unajua haina mnunuzi, utamtazamaje kwenye kahawa?

Kwa hiyo mwambie. Keti naye, mwite Göran kama mwenyewe anavyotaka, na umwambie hapana. Kazi ya kuogopa niachie mimi, naiweza.

Mashine imesimama na mama wa ghorofa ya pili amerudi, ngoja nimalizie. Mtunza majengo alikuja tena jana. Anataka pikapu itolewe kwenye maegesho, eti inaharibu sura ya mtaa na hakuna anayeihitaji. Nimemwambia aiache hapohapo mpaka mwenyewe urudi. Kisha leo asubuhi nimeshuka nikaifagia theluji, nikayafungua mabenchi yako kwa bisibisi, nikayaweka stoo. Usinikasirikie. Nilikuwa na kamba, nimeipima bodi. Bila mabenchi, kitanda chetu kinaingia.

Rudi salama, na kofia usiivue.

Mkeo,
Mama Neema