Bati Chini ya Kisu

Tržič, 12 Februari 2023

Mdogo wangu Silvo,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Goti linasemaje na baridi hii? Mimi huku si mzima, na sitakuficha: moyo umechoka, na daktari hazungumzii tena mwaka ujao. Najua hatujaandikiana tangu tulipomzika mama. Naomba usome mpaka mwisho, kisha ufanye utakavyo.

Nataka kukueleza ile Jumapili ya mwaka 1971 ulipopoteza jicho la kulia.

Unakumbuka baba alivyotufundisha ile mashine yake ndogo ya kukereza vyuma, pale chini ya nyumba. Ncha ya kisu ilingane na katikati ya chuma kinachozunguka. Ikiwa juu, inasugua bila kukata. Ikiwa chini, chuma kinakipanda kisu na kukivunja. Watu wengine hubana rula kati ya ncha na chuma, waone kama inasimama wima. Baba hakutaka hayo. Kila kisu kilikuwa na bati lake la kukiinua, alilokata kwenye makopo ya kahawa na kulichora namba, na kisu kilichofungwa na bati lake hakikupimwa tena. Kwake, kupima mara ya pili kulikuwa kumtukana aliyekifunga.

Jumamosi ile ulifunga kisu chako chembamba cha kukatia, na bati chini yake. Uliliweka, Silvo. Nililiona kwa macho yangu.

Asubuhi mlikwenda misani. Mimi mwalimu, na mwalimu siku zile za ukomunisti hakutakiwa kuonekana kanisani, nikabaki. Unajua mashine ilikuwa haiwashwi Jumapili kabla ya chakula cha mchana. Niliiwasha. Nilitaka kumtengenezea Anica kishikio cha shaba cha kisanduku chake cha nyuzi, naye alikuwa bado hajawa mke wangu. Nikafungua kisu chako, nikafunga changu. Kilikaa chini kidogo hata juu ya bati lake, basi nikaazima bati lako. Nilipomaliza nikarudisha kisu chako mahali pake, nikakaza skrubu zote, nikaliacha bati juu ya meza ya kazi.

Nililikumbuka wakati mama anakata keki ya jozi. Ulikuwa umeshashuka. Ngazi ni kumi na moja tu. Nikajiambia, acha nimalize kahawa.

Ndipo tukasikia.

Walipokuwa wanakupeleka kwenye gari la jirani, nilishuka nikalichukua lile bati na kulitia kwenye sanduku la mabati, katika kichumba chake. Jioni baba akafungua sanduku akalikuta. Akaniuliza kama nilishuka asubuhi. Nikasema hapana. Akasema, "Basi hakuliweka. Mzembe." Neno hilo amekuita mpaka anakufa, nami nikisikia.

Hospitali ulinishika mkono ukaniambia, "Kaka, ningeapa niliweka lile bati." Nikakujibu kwamba kila mtu husahau.

Hukusahau kitu. Ni mimi.

Kaka yako,
Bogomir


Ptuj, 20 Machi 2023

Kaka Bogomir,

Salamu nimezipata. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Pole na moyo. Msalimie shemeji Anica.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, kisha nikaisoma nimekaa. Ni wiki tano sasa, ndiyo kwanza nashika kalamu.

Jicho si hoja. Kwa hili moja lililobaki nimeona mengi, mengine heri nisingeyaona, kama ile suti yako ya harusi. Nilikuwa nimeshakusamehe jicho kabla sijageuza ukurasa.

Lakini hujui ulichonichukulia. Niliamini kwamba mikono yangu inafanya mambo bila mimi kujua. Mtu anayeweza kuapa kwamba ameweka bati, kumbe hakuweka, huyo anaweza kufanya lolote. Nikifunga mlango, narudi kuuangalia mara tatu. Kuendesha gari sikujifunza. Mashine sikugusa tena, na unajua nilivyoipenda.

Nives alipozaliwa tulikuwa tumeshahamia hapa ghorofa ya nne, lifti hakuna. Sikumbeba kwenye zile ngazi hata siku moja. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa, mama yake yuko kazini. Nikamgongea jirani, bibi Štefka, mwanamke wa miaka sitini na tano, anishushie mwanangu. Mimi nikafuata nyuma nimeshika kiatu chake kimoja kilichodondoka. Nives anaikumbuka siku ile. Amekua akijua kwamba baba yake hakupenda kumshika. Sikumweleza sababu, maana sababu yenyewe ilikuwa aibu.

Siitaki samahani yako. Nataka umwambie Nives, kwa mdomo wako. Nikimwambia mimi, ataona mzee anajitafutia udhuru. Yuko Kranj, si mbali na kwako.

Mdogo wako,
Silvo


Tržič, 16 Aprili 2023

Mdogo wangu Silvo,

Natumai goti limepoa sasa theluji imekwisha. Mimi sitoki tena kitandani. Barua hii anaiandika Anica, mimi namtamkia maneno, na mara kwa mara anaweka kalamu chini ili ajifute macho. Naye hakuwa anajua. Kile kishikio cha shaba amekishika kila siku maisha yake yote.

Nives alikuja Jumanne. Nilimweleza yote kama nilivyokuandikia, hata kahawa. Alisikiliza bila kuvua koti. Akaniuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo baba angeweza kunibeba?" Nikamwambia ndiyo, angeweza, hakukuwa na mtu mwangalifu kama yeye. Kisha akasema, "Mjomba Boris aliwahi kuniambia baba hakutaka mtoto wa kike. Nilimwamini." Akaondoka, hata chai hajaigusa.

Nimefanya uliloniomba. Mimi sina haki ya kuomba kitu, ila naomba. Niandikie neno moja, hata kama ni la kunilaani. Daktari anasema huenda nisifike msimu wa cheri.

Kaka yako,
Bogomir


Ptuj, 3 Juni 2023

Kaka Bogomir,

Salamu. Hali sikuulizi. Anica alinipigia Jumatatu, na juzi tumekuzika. Naandika kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia haya.

Mwisho wa Aprili Nives alikuja na mwanawe, Tine, ana miezi kumi. Hakunisalimia. Palepale mlangoni akamtia mtoto mikononi mwangu, akasema, "Mshushe mpaka chini, baba. Mimi nangoja hapa." Nikamwambia basi anifuate nyuma. Akasema hanifuati ng'o.

Nikamshusha. Ghorofa ya pili akanivuta sikio, nikasimama, nikaendelea. Nilipofika chini nilikaa kwenye ngazi ya mwisho nikalia, mpaka mama mmoja mwenye kapu la mboga akaniuliza kama aniitie gari la wagonjwa. Kisha nikapanda na mtoto, ghorofa zote nne. Nives alikuwa amesimama palepale. Akavua koti, mtoto akaniachia.

Tarehe 9 Mei nilikuandikia hayo yote. Niliandika kwamba nimekusamehe, la jicho na la ngazi, na kwamba nakuja kwa treni. Nikaifunga bahasha, nikabandika stempu. Kisha nikaitia kwenye droo. Nilisema, mwache angoje kidogo. Mimi miaka hamsini na mbili, yeye wiki chache hazitamdhuru. Kila asubuhi nilikwenda kununua mkate, duka linatazamana na posta, na kila asubuhi barua niliiacha nyumbani. Sitakudanganya, kaka: ilikuwa tamu.

Anica anasema ulikuwa unamtuma kila siku aangalie sanduku la barua. Siku ya mwisho ulimtuma mara mbili, na ilikuwa Jumapili, posta imefungwa.

Aliniuliza pale kaburini, watu wakiwa wanawasha mishumaa, kama niliandika, na kama barua yangu ilipotea njiani.

Nikamwambia ndiyo, itakuwa ilipotea.

Mdogo wako,
Silvo