Gari la Baba Yako Halivuji Tena

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa binti yangu,

Hujambo huko uliko? Unakula? Kile kifua kimeacha kukusumbua? Sisi huku wazima, ila uzima wenyewe wa kupepesuka. Tangu tumzike baba yako ni wiki ya sita, na mama yako bado anajisahau anampakulia. Sahani inabaki mezani, hakuna wa kuiondoa.

Uliniambia kwenye simu gari lake liuzwe, maana linavuja. Nikasema nitaliziba kwanza, lisitutie aibu kwa mnunuzi. Baba yako mdogo unanijua: niliwahi kuwasha trekta kwa ufunguo wa kabati, likalima ekari nne kabla mwenyewe hajaamka.

Inayovuja ni oili, pale chini ya injini kwenye nati ya kumwagia. Nati hiyo ina sili yake, kijipete chembamba, bei haifiki ya mkate. Muuza spea akanicheka: "Injinia, leo wewe wa kununua? Si huwa unaunda mwenyewe?"

Nikaingia uvunguni na spana. Mwanangu, nikakuta sabuni. Sabuni yangu mimi! Mwaka juzi nilipaziba hapo kwa sabuni ya kufulia na uzi wa gunia, nikatangazia mtaa mzima kwamba halitavuja mpaka kiama. Baba yako akanipa mkono, akasema, "Ndugu yangu, wewe kiboko." Tangu hapo kila nikimuuliza, jibu lilikuwa moja: "Kavu kabisa."

Nikafungua buti nitafute kitambaa. Chini ya tairi la akiba zimelala chupa tupu za oili, kumi na nne, zimeviringishwa kwenye shuka kuukuu. Kumbe lilivuja siku zote! Alikuwa akiongeza kimyakimya na kuficha chupa, nisije nikaziona jalalani. Mama yako ananiambia kila alfajiri baba yako alisugua sakafu chini ya gari kwa maji ya moto kabla sijapita kunywa chai.

Wengine nimewaambia vumbi liliniingia machoni. Wewe jua kwamba nililia.

Sili nimeshaifunga, kazi ya muda wa kikombe kimoja cha chai. Asubuhi sakafu ilikuwa kavu, kavu ya kweli safari hii, na wa kumwonyesha hayupo.

Gari ni lako, mama, na uamuzi ni wako. Ila nakuomba, ukiliuza nisiwe mimi wa kukabidhi ufunguo. Mnunuzi ataniuliza kama linavuja, na jibu lake ni maneno ya baba yako. Hayatanitoka kinywani.

Shangazi yako anakusalimu, na mama yako mdogo, na yule mshona nguo wa jirani aliyekushonea sare. Mungu akutunze kama baba yako alivyonitunza mimi, bila kelele.

Ni mimi baba yako mdogo nikupendaye, na hili sikulitia chumvi,

Injinia