Masanduku Manne ya Kumhamisha Mama

Kinyangiri,
kwa njia ya Singida.
11 Desemba 1938.

Mpendwa kaka Andrea,

Shikamoo. Naianza barua na shikamoo kwa sababu Mama amesimama mlangoni anaangalia kama nitaiandika, ingawa hajui kusoma. Hujambo huko Dar es Salaam? Wifi Cecilia hajambo? Na watoto je, wanakua? Sisi ni wazima. Mama goti linamsumbua akiinama, lakini sauti haimsumbui. Mvua imeanza vizuri. Kama u mzima, kaa chini usome. Kama unaumwa, iweke barua hii mpaka upone, maana nimekasirika.

Ulipoandika kwamba umejenga nyumba Kintinku na unataka tuhamie huko, hatukukataa. Ulisema ni kwa faida ya Mama. Mimi nilifikiri kidogo, nikaona kwamba Kintinku gari moshi la Dar es Salaam linapita mlangoni, na wewe ukipata likizo hutasumbuka kushuka Manyoni kungoja gari la huku. Basi mwanamke mwenye miaka sitini na zaidi ahame ili wewe usibadilishe gari. Nikanyamaza. Mama mwenyewe alikubali. Alikwisha kuaga kanisani, akagawa kuku wanne.

Halafu yakaja masanduku yako, na bwana Simeoni rafiki yako akiwa nyuma yake, kofia ngumu kichwani, karatasi mkononi. Masanduku manne, na kila moja umelipangia kazi kwa kalamu nyekundu. Sanduku la chai: vyombo. Sanduku la sabuni: unga. Sanduku la madebe ya mafuta ya taa: vitabu vya Baba. Na la nne, nguo za Mama. Kaka, hilo la nne lilikuwa la papa. Unajua mimi nilijifunza kusoma kwa karatasi za dukani na mifuko ya chumvi, kwa hiyo nilisoma maandishi ya ubavuni, lakini hata asiyejua kusoma angelijua tangu stesheni. Paka wa Kinyangiri yote walikuja kutusalimia. Labda wewe umekaa pwani mpaka pua imezoea. Sisi hatujazoea. Ulitaka Mama aingie kanisa la ugenini, Jumapili ya kwanza, watu wamgeukie kwa sababu gani?

Nikayapanga upya. Unga ukaenda kwenye la chai, maana lina karatasi ya fedha ndani na halina harufu. Vyombo kwenye la sabuni, nikavifunga kwa majani makavu. Nguo nikazifunga kwenye shuka. La papa likakaa nje peke yake. Simeoni akasema karatasi haikuandikwa hivyo. Alipofika kwenye kinu na mchi, akaona mchi hauingii sandukuni, akaomba msumeno. Nakuambia kweli, aliomba msumeno. Mama aliuchukua mchi wake, akakaa nao mapajani mpaka jioni kama mtoto mgonjwa.

Hayo yote tungeyacheka. Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Chini ya karatasi uliandika, kwa mkono wako mwenyewe: "Takataka za zamani, pamoja na kilindo, ziachwe." Kilindo! Andrea, pipa lile la gome Baba alilichuna, akalikunja na kulishona kwa mikono yake mwaka alioolewa Mama. Mbegu tulizopanda baada ya kila njaa zilitoka humo. Wewe ulikwenda shule kwa mtama uliotoka humo. Na tangu lini umesahau kwamba majivu yaliyo ndani ni ya kuwazuia wadudu, na mbegu iko katikati ya majivu?

Simeoni simlaumu sana, yeye si wa huku. Siku ya Jumamosi Mama alikwenda kumwona mgonjwa, mimi nikaenda kuomba kamba kwa jirani. Kurudi, namkuta bwana Simeoni amekigeuza kilindo kichwa chini, amekikalia, anapigilia misumari.

"Dada Rahabu, nimewapunguzia mzigo," akasema, anacheka. "Kulikuwa na majivu tu."

"Majivu tu?"

"Majivu na punjepunje. Nimeyamwaga jaani."

"Punjepunje hizo, bwana, ndizo chakula chetu cha mwakani."

Akasimama haraka, kama aliyekalia siafu. Nikakimbilia jaani na ungo. Kuku walinitangulia, na upepo ulikuwa umekwisha kuchukua sehemu yake. Nilipepeta mpaka mikono ikawa myeupe, nikapata kama vikombe viwili.

Mama aliporudi alitazama kilindo, akatazama jaa, akamtazama mgeni. Nilingoja apige kelele. Akasema, "Mgeni, umekula?" Akampikia ugali, akamchinjia jogoo, akamnawisha mikono. Simeoni alipokwisha kula na kushukuru, Mama akasema, "Sasa fungua masanduku yote."

"Mama, nimekwisha kupiga misumari."

"Misumari hutokea mlango ilioingilia."

Akafungua moja moja, na Mama akavirudisha vyombo mahali pake, hata mwiko. Jumatatu tulimsindikiza Simeoni stesheni. Amerudi na kofia yake tu. Ukimwona mwambie simchukii, ila nyundo asipewe tena.

Tukafikiri, basi, mambo yameharibika. Mjomba Zefania akaja kuzungumza na Mama ili asikuvunjie heshima. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Akapita karibu na jaa, akasimama.

"Yunisi, hapa nani amepanda?"

Mama akatoka. Jaa lote lilikuwa limeota mtama, mtama wetu mwekundu, umebanana kama nywele za mtoto. Yale majivu na samadi ya mbuzi, kaka! Shamba la Baba halijawahi kuota hivyo.

"Amepanda mgeni wa Andrea," Mama akasema.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa, akashika ukuta. Alipopata pumzi akasema, "Basi nimekuja bure. Nani anahama akaacha mazao shambani?" Akaenda nyumbani bila kukutetea hata neno moja.

Tumeipunguza miche, mingine tumeihamishia shambani, na mingine tumeiacha hapo hapo. Mbuzi walitusumbua siku mbili. Ndipo nikavunja sanduku lako la papa, mbao zake nikazisimamisha kuzunguka jaa. Mbuzi wanafika, wananusa, wanarudi. Nakushukuru. Katika vitu vyote ulivyotuma tangu uende pwani, hicho ndicho cha kwanza kilichofaa.

Nasema hivyo kwa hasira, na sitaki kulifuta neno hilo. Baba alipofariki ulituma blanketi, nalo lilifika tumekwisha kuzika. Mama alipougua ulituma dawa ya chupa na barua ya kueleza chupa. Sasa Mama anahama, umetuma masanduku na mtu wa kuyapigilia. Umesahau Baba alivyomhamisha Bibi? Kilindo cha Bibi kilitoka nyumbani kabla ya kitu kingine chochote, kimekaa juu ya kichwa cha mwanawe wa kwanza. Baba alikuwa mzee wa kanisa tayari, ana mvi, na alikibeba siku mbili kwa miguu. Hakumtuma Simeoni.

Mama anakuambia hivi, na maneno haya ni yake: hajakataa Kintinku. Atakwenda. Lakini kilindo kitatangulia, na hakitatangulia kichwani mwa Rahabu. Nimekiosha na kukianika, kiko mahali pake, kitupu. Mwezi wa Mei mtama utakauka, tutakijaza. Basi likizo yako iombe ya Mei. Masanduku usilete, tunayo matatu yaliyobaki, na la sabuni kuku mwekundu ameanza kulitagia.

Mjomba Zefania anakusalimu, bado anacheka. Wazee wa kanisa wanakusalimu, wanauliza kama bado u mtu wa Kinyangiri. Nimewaambia nitawajibu Mei. Msalimie wifi Cecilia, mbusu mdogo kwa niaba ya bibi yake, umwambie bibi hajambo na ana shamba jaani.

Mungu akulinde katika kazi, akupe afya, na hasa aikaze shingo yako, maana kilindo kikijaa ni kizito.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo, kwa shida,

Rahabu