Kiti cha Kulia

Saltley, Birmingham
5 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, baridi tu ndiyo imegoma kuondoka. Wewe je? Miguu inakubali ngazi? Mama mdogo Saleha bado anakugombeza kwa chumvi?

Nina habari njema. Gari ya marehemu baba imenguruma! Ile ile Mustang uliyoiacha chini ya turubai, ambayo kila mtu aliniambia niiuze kama chuma chakavu. Nimeipeleka kwa Ranvir, yule Singasinga aliyezaliwa Kisumu, mwenye gereji Tyseley. Tumeifungua yote. Chini imeliwa na kutu, lakini injini, mama, silinda zote nane nzima. Ranvir alipoiwasha alimpigia kelele marehemu baba, "Mzee Mkubwa, umeskia hiyo?" Nikalia pale pale mbele ya mafundi. Rangi tumeirudishia buluu yake, kama ilivyotoka kiwandani Marekani mwaka 1967.

Limebaki jambo moja. Usukani uko kushoto, na barabara za huku zinataka uwe kulia. Nikiwa nyuma ya lori sioni mbele, siwezi kulipita. Ranvir anasema anaweza kuuhamisha, halafu nitaiendesha peke yangu bila taabu. Gari ni yako, nakuomba ruhusa.

Mwanao,
Yasir


Zanzibar
14 Mei 2024

Mwanangu Yasir,

Marahaba, Mungu akukuze. Sukari imetulia, na ngazi nazipanda kwa ubishi wangu. Anayeandika ni Saleha, mkono wangu unaniuma siku hizi.

Umenifurahisha, kisha ukaniudhi. Kuhamisha usukani? Thubutu! Babako alipoinunua kwa yule askari wa Kimarekani aliyekuwa anarudi kwao, Alum Rock Road nzima ilitoka kututazama. Mwanamke wa buibui amekaa kulia, mahali pa dereva, hashiki kitu, na gari inakwenda! Na mimi nikawapungia kwa mikono yote miwili ili wazidi kushangaa.

Lakini kazi nilikuwa nayo. Kutoka kushoto kwake babako alikuwa haoni mbele ya lori kuna nini, mimi ndiye niliyeona. Nachungulia dirishani, namwambia, "Bado. Bado, Mkubwa, kuna basi linakuja." Njia ikiwa nyeupe nasema, "Haya!" naye anakanyaga mafuta. Hakuwahi kugeuza shingo kuhakikisha. Yule mtu, Mungu amrehemu, alikosoa mchuzi wangu, akakosoa viatu vyangu, lakini nikisema haya, alikwenda. Ukiuhamisha usukani umeniondoa mimi garini. Sitaki.

Mamako

Yasir, mama mdogo hapa, naandika yeye yuko kwenye msala anasali. Mkono wake hauna kitu. Ni macho. Mtoto wa jicho amemfunika yote mawili. Jana amemimina chai nje ya kikombe akaniambia eti mimi nimesogeza meza. Daktari anasema ni operesheni ndogo, yeye hataki kusikia. Anasema babako aliingia hospitali kwa miguu yake akatoka amebebwa. Sema naye wewe, mimi nimeshindwa.


Saltley
22 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Natumai umeamka salama. Usimgombeze mama mdogo, ameniambia kwa sababu anakupenda.

Mimi ndiye niliyekaa na baba siku ile hospitali kule Edgbaston. Tulikuwa tunabishana habari ya kabureta mpaka walipokuja kumchukua kwa operesheni. Moyo wake ulikuwa umechoka, mama, walikuwa wameshatuambia. Macho yako siyo moyo wa baba.

Usukani hauguswi tena. Jana nimeiingiza gari barabarani. Kutoka Tyseley mpaka nyumbani nimekwenda nyuma ya gari ya taka. Mustang! Watu wananipiga picha na mimi nanusa maganda ya viazi. Leo Ranvir akajitolea kukaa kulia, akasema "haya" kumbe lori linakuja, nusura tusomewe hitima mimi na yeye.

Nakutaka wewe kwenye kiti kile, na nakutaka unaona. Kubali operesheni. Nitakuja nikae mlangoni mpaka utoke.

Mwanao,
Yasir


Zanzibar
1 Juni 2024

Yasir,

Salamu zako zimefika, sisi hatujambo. Saleha anaandika huku amenuna, na anajua kwa nini.

Usinifanyie ujanja wa gari. Naogopa, basi, umeridhika? Naogopa kulala pale sioni nani ananishika. Usiniandikie tena habari ya macho.

Na huyo Ranvir asikalie kiti changu.

Mamako


Saltley
23 Juni 2024

Mama,

Shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya heri kwenu. Nilingoja neno lako siku ya Idi, halikuja. Nimekukumbuka sana.

Umeniambia nisiandike habari ya macho, siandiki. Naandika habari ya gari tu. Kila Jumapili naiwasha. Nakaa kushoto, injini inanguruma, na siendi popote. Nageuka kulia nakuuliza kama baba alivyokuwa akikuuliza: nipite, au bado?

Nimekutumia picha zake kwenye simu ya mama mdogo, akuelezee.

Mwanao,
Yasir


Zanzibar
19 Agosti 2024

Yasir mwanangu,

Huu mwandiko ni wangu. Saleha nimemtuma sokoni makusudi, asije akanichungulia. U mzima, baba? Unakula?

Jicho la kulia wamelifungua wiki iliyopita, la kushoto mwezi ujao. Sikukwambia kwa sababu ungekuja kunililia mlangoni. Nililala pale, nikamwomba daktari asinyamaze, nisikie yuko. Akaniuliza, tuzungumze nini, bibi? Nikamhadithia gari. Nilipofika kwenye kuwapungia watu wa Alum Rock, akaniomba nisimchekeshe mpaka amalize.

Nimeona mengi. Saleha amezeeka, maskini, nami nimemshinda. Picha zako nimeziona. Buluu yenu imekoza, ya babako ilikuwa hafifu kidogo, mwambie Ranvir. Lakini mlango wa kulia nimeutazama mpaka Saleha akaninyang'anya simu. Pale chini ya dirisha mmepaacha pamechubuka vile vile, ndipo nilipokuwa naegemeza kiwiko nikichungulia. Mngepapaka rangi nisingewasamehe. Nimelia, na daktari alinikataza kulia.

Wakishamaliza la pili nitapanda ndege. Uje kunipokea na gari ile, na mkanda wa kiti changu uwe unafunga.

Uliniuliza swali, nikakuweka muda mrefu nyuma ya lori. Nisamehe. Sasa njia naiona.

Haya!

Mamako