Mavunjiko Nyuma ya Tanuru

Bagira, 3 Septemba 2023

Papa yangu mpendwa,

Hamujambo huko Kavumu? Goti la Maman linaendeleaje? Sisi tuko wazima, na tuko na furaha mpaka majirani wanatuchoka. Simu zangu hutaki kuzipokea tangu siku ya ndoa, basi barua hii nimempa Aganze, kwa kuwa anapita mbele ya tanuru lako kila siku na taxi yake. Barua haina kitufe cha kukata.

Papa, mtu anaolewa mara ngapi ili azoee? Asubuhi Chrispin ananiita "Madame", nami nageuka kumtafuta huyo madame ni nani. Jioni anarudi kutoka shule anakofundisha, mfuko wa chupa tupu za plastiki mgongoni kama mbeba mizigo, na mfukoni ananiletea pera moja lililoiva. Moja tu, na anakataa kuliuma kabla yangu. Mwanaume gani huyu!

Najua kilichokuumiza. Ulisimama mbele ya wageni wote ukatangaza gari zima la matofali yako, na bwana yangu akashika mikro: "Papa, aksanti, lakini sisi tutajenga na machupa, matofali yanamaliza miti." Watu wakacheka. Hakufikiri kwamba zawadi ya baba mkwe hairudishwi. Furaha ilimtangulia mdomoni. Msamehe.

Kiwanja chetu kiko pazuri, Papa, juu kwenye mteremko wa mlima, ziwa unaliona. Tunajaza chupa udongo mkavu, tunashindilia kwa kijiti mpaka kidole gumba kishindwe kuibonyeza. Hapo nakukumbuka wewe. Nilikuwa mdogo, ukanipa matofali mawili niyagonge karibu na sikio: "Lililoiva linalia, bichi linanyamaza."

Mwenye nyumba anataka chumba chake mwisho wa Oktoba kwa sababu mtoto wake anaoa. Tutahamia kwetu. Lakini sitalala humo kabla wewe hujaingia ukala bugali yangu. Bila hivyo itakuwa kambi tu, si nyumba.

Mutoto wako,
Joviale Nsimire


Kavumu, 10 Septemba 2023

Kwa Madame Chrispin,

Salamu. Hapa tuko. Goti la mama yako linauma mvua ikikaribia, kwa hiyo mvua inakaribia.

Nilisema sitazungumza kwa simu. Sikusema sitasoma.

Nimechoma matofali tangu kabla hujazaliwa. Kuna shule zimesimama kwa matofali yangu, na kule Ibanda wakubwa wanalala ndani ya mikono hii. Nyumba ya machupa ni nyumba ya takataka. Panya ataitoboa, jua litaiyeyusha, na siku ya moto mtakimbilia wapi? Mama yako anasoma juu ya bega langu, anasema niandike kwamba anakupenda. Nimeandika.

Wageni wako bado wanacheka. Jana muuza kuni alinisalimu mbele ya wafanyakazi wangu: "Jambo, Papa Chupa!"

Sitaingia humo.

Philémon Mushagalusa


Bagira, 24 Septemba 2023

Papa yangu,

Salamu za Jumapili. Kengele ya misa ya pili inalia na mimi bado naandika. Mwambie Maman nimempatia mafuta ya kuchua goti, Aganze anayo. Na kifua chako? Usiusogelee sana moshi.

Nilicheka kwa "Papa Chupa", halafu nikaona ulivyotia sahihi, jina zima, kama kwa serikali. Nikalia kidogo. Chrispin akanifuta machozi na mkono wa shati lake wenye udongo, nikawa na matope mpaka masikioni, tukacheka tena. Ndivyo tunavyoishi.

Ukuta wa mbele umesimama mpaka juu ya dirisha! Chupa tunazilaza safu juu ya safu kama matofali yako, udongo katikati, shingo zimefungwa kwa kamba. Kisha tunapaka udongo juu yote, jua wala panya hataiona plastiki. Ndani tu, upande wa chumba chetu, nimeacha vifuniko vionekane, vya bluu peke yake, ili nikiamka nione ziwa hata dirisha likiwa limefungwa. Wamama wa koro, kwaya yetu ya kanisani, wanakuja kushindilia wakiimba. Mmoja aliniuliza: "Joviale, hii nyumba ikisikia kiu?" Nikamjibu: "Itafungua kifuniko!"

Lakini mvua imeanza, Papa. Udongo wetu umelowa, na ulioingia chupani ukiwa umelowa unakuja kusinyaa, chupa inalegea. Umebaki ukuta wa upande wa mlima, ule mkubwa. Nimefikiri sana kabla ya kuthubutu. Nyuma ya tanuru lako, chini ya kile kibanda, kuna mavunjiko ya matofali na lile vumbi jekundu. Ni kavu kabisa, limeshapita motoni, na wewe unalitupa. Tupatie hilo. Chrispin anaona haya kuomba. Mimi naomba.

Mutoto wako,
Nsimire


Bagira, 8 Oktoba 2023

Papa,

Mko salama? Hakuna neno lako. Aganze anasema uliisoma barua umesimama, ukaitia mfukoni, ukaenda kuwafokea wafanyakazi.

Tumekausha udongo juu ya manjanja, mabati ya zamani, makaa chini. Chrispin amepika udongo kama mtu anayekaanga karanga! Nilimwambia aongeze chumvi. Lakini hautoshi, na mvua haitupi nafasi. Chupa nyingine kidole changu kinazibonyeza kidogo. Chrispin anasema udongo wa kupaka utazishika. Kesho tunamaliza ukuta wa mlima, kwa sababu mwenye nyumba ameshaanza kupima chumba chake kwa kamba, sisi tukiwa tumelala kitandani.

Nina furaha na nina woga. Sikujua kwamba vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Kama ni hapana, sema hapana. Kunyamaza kwako kunanitisha kuliko mvua.

Nsimire wako


Kavumu, 11 Oktoba 2023

Kwa Joviale,

Mko wazima? Naomba unijibu hilo kwanza.

Mlikataa matofali yangu mazuri mbele ya watu, halafu mkaomba takataka yangu. Hilo lilinichoma, ndiyo maana nilinyamaza. Sasa sikiliza. Kama kidole kinabonyeza, bomoeni ukuta huo. Msisimame chini yake.

Juzi mvua ilipiga hapa mpaka matofali mabichi yote yakarudi kuwa tope. Abiria wa Aganze wanasema udongo umeteremka Bagira, hawajui ni avenue gani. Nimekupigia simu. Mimi. Hupatikani.

Jibu.

Philémon Mushagalusa, baba yako


Kavumu, 13 Oktoba 2023

Nsimire, mama yangu,

Leo sina salamu, salamu zote ziko kwenye barua ile Aganze aliyonirudishia. Anasema chumba chenu kimefungwa kwa kufuli, na jirani amesema, "Walimubeba." Nani alibebwa? Aganze hakuuliza, ana kichwa kama cha gari lake.

Mama yako hali chakula. Mimi ningekuja, lakini tanuru linawaka na siwezi kuliacha.

Uongo. Tanuru halijawashwa wiki hii. Naogopa kufika.

Nimemwambia Aganze apite kila mahali na barua hizi mbili, asirudi bila wewe kuzisoma. Andika neno moja. Hata tusi.

Papa


Ibanda, hospitalini, 15 Oktoba 2023

Papa,

Mimi niko mzima. Chrispin yuko hai. Naanza na hayo, hata kabla ya kuuliza goti la Maman.

Aganze amenikuta uani nafua shati la Chrispin, lile la udongo. Udongo umetoka, kuna kingine hakitoki.

Ilikuwa Jumatatu mchana. Tulikuwa tumelaza chupa ya mwisho. Chrispin alinishika kiuno akasema, "Madame, angalia kwako." Mvua ikaja mara moja, na nyuma yake maji ya mlima. Tuliona ukuta unatoa tumbo, polepole, kama kitu chenye pumzi. Nilikuwa bado naangalia. Yeye alinisukuma. Nilianguka kwenye nyasi, na ukuta ukaanguka pale niliposimama, juu ya mguu wake. Wamama wa koro walichimba na mikono, bila kuimba. Simu yangu bado iko chini ya tope.

Wamemtia chuma mguuni. Daktari anasema atatembea. Lakini Papa, jana aligeukia ukutani akasema, "Mwambie Papa alikuwa na haki, alisema kweli. Tuchukue matofali." Nimeolewa na mtu anayeamka na nyumba mdomoni: dirisha liwe hapa, jiko liwe kule, mtoto wetu alale huku. Sasa naamka namsikiliza na hakuna kitu. Hilo linaniuma kuliko ule mguu.

Ukuta wa mbele, uliojazwa wakati wa jua, hauna hata ufa. Nilikwenda kiwanjani nikabonyeza chupa ambazo hazijapakwa udongo, moja moja kama mwendawazimu, mvua ikininyeshea. Hakuna iliyokubali kidole.

Sikulaumu. Sina nguvu ya kulaumu mtu. Njoo tu, hata kama ni kutugombeza.

Mutoto wako,
Nsimire


Bagira, 22 Oktoba 2023

Mama yangu,

Habari ya mgonjwa? Goti la mama yako limepona siku barua yako ilipofika. Alikimbia nayo kwa jirani, akarudi akikimbia, ndipo akakumbuka kuchechemea.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo kiwanjani kwenu. Uko hospitali, nami sitaki kumwona mume wako mikono mitupu, kwa hiyo nimeanzia huku. Jirani atakupa karatasi hii.

Lori langu limesimama chini, pale njia inapokwisha. Toka pale ni mbuzi na wamama wa koro tu wanaopanda. Gari la matofali lingefika wapi? Mume wako angenionyesha kilima hiki, badala ya kunihubiria miti kwenye mikro, tungekuwa tumeshakula pamoja. Mwambie hivyo. Na mwambie kwamba yeye hakuwa na haki, na mimi sikuwa na haki. Maji yalitafuta njia na hakuna aliyeyapa. Kule juu nimechimba mfereji.

Mimi na wafanyakazi wangu tumepandisha mavunjiko na vumbi kwa mifuko. Wamama wako waliponiona tu wakapiga kelele: "Papa Chupa amefika!" Habari zinatembea. Niliitika.

Yale matofali ya ndoa yenu nimempa mwenye nyumba, amjengee mtoto wake. Amesema kaeni mpaka ukuta wenu ukauke, na kamba yake ameikunja.

Chupa ya kwanza niliijaza vibaya, kidole kikaingia. Ya pili pia. Nilipopata mbili ngumu, nilizigonga karibu na sikio, na wamama waliacha kuimba ili nisikie. Chupa haikulia kama tofali lililoiva. Lakini haikunyamaza. Mwambie mume wako neno hilo kabla ya mengine yote, neno kwa neno, na umtazame usoni.

Sijaingia. Nimechungulia tu dirishani, nimeona vifuniko vyako vya bluu. Nitaingia siku yeye atakapokuwa ameketi mlangoni na mguu wake, na bugali iko motoni.

Kesho narudi kushindilia. Mniachie kijiti kirefu.

Papa Chupa